Nafasi ya Mama

Kompyuta ilijaa Jumanne asubuhi, katikati ya kipande ambapo bwana harusi anakanyaga shela ya mkewe. Picha ikaganda. Kikatokea kidirisha chenye alama nyekundu kikisema diski imejaa, mwenyewe afute vitu asivyovihitaji. Kamera akasonya. Alikuwa mpiga video wa harusi, na mtaa mzima ulimwita Kamera, hata watoto wake wa kuwazaa wakijisahau. Video ya harusi hiyo ilitakiwa Ijumaa. Mama wa bibi harusi alikuwa ameshapiga simu mara mbili tangu kulipokucha, na hakuwa mtu wa kuchezea.

Akaangalia ni nini kilichokula nafasi. Harusi zote kwa pamoja hazikufikia nusu. Kilichojaza diski kilikuwa folda moja tu, iliyoandikwa Mama.

Tangu mama yake aanze kusahau, Kamera alikuwa akimrekodi kila siku. Alimrekodi akisimulia alivyompata kila mtoto wake, akigombana na redio, akitafuta miwani nyumba nzima ilhali ameivaa. Alifanya hivyo kwa hofu, maana aliona kila asubuhi Mama anaamka amepungua kidogo, na yeye alitaka kilichopungua kibaki mahali. Kwa hiyo karibu Mama mzima alikuwa mle ndani.

"Kompyuta imejaa," alimwambia mkewe, aliyekuwa akifagia sebuleni.

"Si una ile diski nyeusi uliyonunua juzi? Hamishia huko."

Mtu mwangalifu angenakili kwanza, akahakikisha kila kitu kimefika salama, ndipo afute. Kamera hakuwa na subira hiyo. Kwenye kazi za harusi unakata huku, unabandika kule, unaendelea na safari yako. Akachomeka diski nyeusi, akaikata folda ya Mama, akaibandika.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, anamenya viazi. Miguu ndiyo iliyotangulia kuhamia kwenye diski. Mkewe Kamera akapitisha ufagio pale ilipokuwa, maana palikuwa na vumbi la siku nyingi.

"Unanihamisha, mwanangu?" Mama akauliza.

"Ndiyo, Mama. Kompyuta imejaa."

"Nilikuona unahangaika tangu asubuhi. Basi ngoja nimalizie hiki."

Akamaliza kiazi, akaweka kisu ndani ya bakuli ili kisije kikamkata mtu, kisha mikono nayo ikaenda. Mdomo ulichelewa kidogo, kwa kuwa kwenye folda yake maneno yalikuwa mengi. Aliwahi kusema viazi visikae sana kwenye maji. Mstari wa kijani wa kuhamisha ulipofika mwisho kwenye skrini, kiti kilikuwa kitupu, na kompyuta ilifunguka haraka kama siku ilipotoka dukani.

Mchana watoto walirudi kutoka shuleni, wakauliza bibi yuko wapi.

"Yuko kwenye diski," mama yao akawajibu.

"Ile nyeusi?"

"Ile nyeusi. Na msiichezee."

Wakaenda kucheza. Jirani wa mlango wa pili, aliyekuja kuazima pasi, alitaka kujua diski yenyewe ni ya ukubwa gani.

"Terabaiti mbili," Kamera akasema.

"Loo! Peke yake? Mama mkwe wangu mimi namlaza chumba kimoja na mitungi ya gesi."

Kamera alicheka, lakini moyo ulimsuta. Alijiambia ni mpaka Ijumaa tu. Harusi ikishakabidhiwa, ataifuta, na Mama atarudi kwenye kiti chake.

Jioni aliwapigia nduguze ili wasije wakasikia kwa watu. Kaka mkubwa, mhasibu, alikuwa na nyumba yenye vyumba vinavyofunguliwa kwa ajili ya wageni tu. Dada, muuguzi, alikaa na mumewe kwenye nyumba yenye mwangwi. Mama alipoanza kusahau, wote wawili walisikitika sana, wakasema kwao pamebana. Ndiyo maana alibaki kwa Kamera, kwenye chumba kimoja na taa za kupigia picha na miguu ya kamera, akijikwaa kila akiamka.

Safari hii kaka mkubwa alimsikiliza hadi mwisho bila kudai mtandao unakatika.

"Kwa hiyo anaingia mfukoni?" akauliza.

"Anaingia."

"Kumbe! Mlete basi. Ofisini nina droo, tena ina kufuli."

Dada naye akadakia kuwa hata kwake Mama anaweza kukaa, zamu kwa zamu, hakuna shida yoyote.

Kamera akapandwa na hasira. "Alipokuwa na miguu yake miwili hamkuwa na pa kumweka. Leo kila mtu ana nafasi?"

"Usianze, mdogo wangu," dada akasema kwa upole. "Aliyemkata ni wewe."

Kamera akaaga, akakata simu. Akakaa akitazama kile kidude cheusi juu ya meza. Kilikuwa na joto kidogo. Usoni pake alihisi aibu, na hakuwa na wa kumgawia.

Ijumaa harusi ikakabidhiwa. Kamera akanawa mikono, akakaa mbele ya kompyuta, akaichagua folda ya Mama ili airudishe. Kidirisha kikamwambia nafasi haitoshi.

Ilikuwa kweli. Katikati ya wiki alikuwa amepokea harusi nyingine mbili na mahafali. Ile ya kwanza nayo haikufutika, maana mama wa bibi harusi aliagiza itunzwe mpaka aone kama sura yake haikutoka nene. Kwenye chumba cha Mama, mkewe Kamera alikuwa ameshaingiza cherehani, na Kamera hakuweza kumlaumu, kwa sababu yeye ndiye aliyemsaidia kuibeba.

Akaifungua diski ili angalau amweleze. Mama alikuwa chini kabisa, kwenye kona. Alikuwa amefagia. Siku zake zote alizokuwa akirekodiwa alikuwa amezikunja moja moja kama nguo zilizokauka, akazipanga ukutani, yeye akakalia kipande kisichotosha hata mkeka. Diski nzima iliyobaki ilikuwa tupu, inang'aa.

"Mama, mbona umejibana hivyo? Yote hiyo ni yako."

Mama alimtazama kwa muda. Kamera akaogopa kuwa siku yenyewe imefika, hamjui tena. Halafu Mama akatabasamu.

"Nyinyi watoto mna shida ya nafasi," akasema. "Mimi sina vitu. Kama una cha kuweka, weka. Tena huku ni kimya mno."

Kamera alilia. Alimwambia hapana, atatafuta njia, wiki ijayo bila kukosa. Simu ikaita akiwa bado anafuta machozi. Ilikuwa familia ya harusi ya Jumamosi, wanauliza kama amejiandaa, na kama vifaa vyake vina nafasi ya kutosha, maana wageni ni wengi.

"Nafasi ipo," Kamera akasema.

Akakata harusi mbili kutoka kwenye kompyuta, akazibandika kwenye diski nyeusi. Waliingia mabibi harusi na shela zao, wapambe, wajomba waliolewa pombe, wapiga ngoma, mpishi na masufuria yake. Mama aliinuka kuwapokea. Alimsogezea huyu kiti, akampisha yule, akashika ncha ya shela isiburute chini. Wote walipokwisha kukaa, viti vilikuwa vimekwisha. Mama akasimama ukutani, mikono nyuma, akiangalia asije akamziba mtu. Kamera akamshukuru, akachomoa waya.