Ufa wa Chumba cha Kukaushia

Ufa ulianzia ukutani upande wa tanuri, ukakikata chumba kimshazari, ukaishia karibu na kizingiti. Fundi Revelian aliumwagia maji kwa kikombe cha bati, akapiga magoti kuyatazama. Kwingine kote maji yalituama juu ya zege yakang'aa. Penye ufa yalizama, na punde yakasikika yakidondoka chini, ndani ya njia za moto.

"Umepenya," alisema.

Mwanaheri alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameikunja kifuani, macho yake kwenye vigae vyeupe vilivyoegemezwa ukutani vikingoja. Alikuwa amevifuta vumbi kwa mikono yake asubuhi ile, kimoja kimoja, kama mtu anayeandaa vyombo vya wageni.

Alikuwa dobi, na mumewe Sadallah alikuwa dobi kabla yake. Tangu Sadallah azikwe, watu wa Temeke walikuwa wakingoja kuona atashindwa lini, na Mwanaheri alikuwa amewakatalia furaha hiyo. Alifua alipokuwa na homa. Alipiga pasi huku kidole kimefungwa kitambaa kwa kuungua. Adui yake mmoja tu ndiye hakumpatia dawa: masika. Mvua ikianza, mashuka ya hoteli yalilala kambani siku nenda siku rudi, yakashika uvundo. Yakianikwa ndani, yalitoka na harufu ya moshi wa jikoni. Masika yaliyopita, msimamizi wa hoteli moja kubwa ya mjini, ambako Waingereza walifikia, alimrudishia mzigo mzima. Alimwambia kwa upole kwamba mwaka ujao angependa kuona chumba cha kukaushia, chenye sakafu ya vigae isiyotoa vumbi wala kushika uchafu. Asipokiona, angetafuta dobi mwingine. Sasa mwaka ulikuwa umetimia, naye angekuja Jumamosi hii kutazama.

Chumba chenyewe Revelian alikuwa amemchorea kwa kipande cha mkaa juu ya ukuta wa banda. Tanuri lingekaa nje. Joto lingepita chini ya sakafu katika njia za matofali, lizunguke, kisha litoke kwa dohani upande wa pili. Juu ya njia hizo zege. Juu ya zege, vigae. Mashuka yangening'inia kwenye kamba ndani, mvua inyeshe itakavyo.

"Vigae vitaufunika," Mwanaheri alisema hatimaye.

"Vitauficha machoni tu." Revelian aliinuka, akapangusa magoti. "Moto ukiwaka zege litatanuka, na vigae vitapasuka palepale. Halafu kuna hewa ya tanuri, Bi Mwanaheri. Itapita hapa. Lazima niuchimbe kwa tindo niujaze upya, ukauke vizuri. Kisha tuwashe moto mdogo, tuongeze taratibu, tuzime, tuwashe tena, mpaka sakafu izoee. Hapo ndipo kigae kitakaa."

"Hayo yataisha kabla ya Jumamosi?"

"Hayataisha."

Mwanaheri alitazama nje. Upande wa baharini mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya risasi. "Tutumie mkaa mtupu, bila kuni," alisema. "Mkaa uliokolea hauna moshi. Mie mwenyewe nitakaa humu, mlango umefungwa, mashuka yametundikwa. Nikitoka mzima, kesho utapanga vigae vyako."

Tangu atoke Bukoba, Revelian alikuwa amesakafia nyumba nyingi za mji huu, na kila moja ilisifiwa kwa jina la mtu mwingine, mwenye gari na kofia. Sakafu hii ilikuwa ya kwanza kutoka kichwani mwake. Usiku mkewe Demetria alikuwa akimsikiliza akiieleza kama baba anayesimulia habari za mtoto wake wa kwanza. Naye pia alitaka kuiona nyeupe, imekamilika, msimamizi wa hoteli akitembea juu yake.

"Kama ni mkaa mtupu," alisema, "labda."

Labda hiyo ilitosha.

Tanuri liliwashwa adhuhuri. Mwanaheri alitundika mashuka yaliyokamuliwa, akafunga mlango na dirisha, akaketi juu ya kigoda. Joto lilipanda kutoka chini polepole, tamu, kama la mkate uliofunikwa. Mashuka yakaanza kutoa mvuke. Alinusa: hapakuwa na moshi. Alicheka peke yake. Nje mvua ilianza, kwanza kwa matone mazito, kisha kwa kishindo kilichofunika sauti zote.

"Hodi," mtu aliita akigonga.

Alikuwa Chausiku, mdogo wake marehemu Sadallah, aliyepiga pasi katika banda la nyuma. Mgongoni alimbeba Tunu, bintiye aliyekuwa bado hajaanza kutambaa. "Banda lavuja, wifi," alisema. "Na huyu ana mafua."

"Ingia. Funga mlango, joto lisitoke."

Chausiku alivua ndala, akatembea kwa vidole vya miguu, akastaajabu. Alitandika kanga sakafuni, karibu na ukuta wa tanuri, akamlaza mtoto. Tunu alijinyoosha na kusinzia. "Kama kitanda cha mfalme," Chausiku alisema. Wakacheka, wakazungumza juu ya mashuka na juu ya msimamizi yule, jinsi alivyokuwa akiinusa mito kama mtu anayenunua samaki.

Mvua ilizidi. Mwanaheri alianza kusikia kitu kikigonga ndani ya paji lake la uso, taratibu, kama nyundo ya mbali. Alikaa wima zaidi. Kichwa alikijua, kilikuwa kimemuuma siku nyingi za maisha yake na hakuna kazi iliyosimama.

"Wifi," Chausiku alisema akijishika paji la uso, "kichwa chaniuma."

"Ni joto tu. Utazoea."

Alisema hivyo bila kufikiri, kama alivyowaambia siku zote wanawake wake walipolalamikia magadi yaliyokula vidole, au pasi nzito, au jua. Yeye alizoea. Mwili wake ndio uliokuwa kipimo, na kwa kipimo hicho wote walionekana walegevu kidogo.

Chausiku aliegemea ukuta, akafumba macho. Midomo yake ilikuwa imewiva kwa wekundu usio wa kawaida. Mwanaheri alitaka kusema jambo juu ya hilo, likamponyoka. Alitazama mashuka. Kutoka kwenye pindo la shuka moja tone la maji lilijikusanya, likavimba, likaanguka juu ya paji la uso la Tunu.

Mtoto hakukunja uso.

Tone jingine likaanguka, likatiririka hadi kwenye jicho. Ukope haukutikisika.

Mwanaheri alisimama, lakini miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Alianguka juu ya magoti. "Chausiku," aliita, na sauti yake ikatoka ndogo, bila uzito. Chausiku alifumbua macho nusu akamtazama kama mtu asiyemfahamu. Basi Mwanaheri akamvuta mtoto kwa ncha ya kanga, akamkumbatia kwa mkono mmoja, akatambaa. Mlango ulikuwa mbele yake na haukusogea karibu. Alipoufikia, komeo lilimshinda; vidole vilipapasa chuma vikateleza. Akaishika pasi iliyowekwa kando ya mlango, akaugonga ubao kwa nguvu zote zilizobaki. Akagonga tena. Mvua ikameza.

Revelian alikuwa chini ya upenu wa tanuri akiitazama dohani. Haikuwa ikivuta vizuri. Hewa moto ilikuwa ikitetemeka juu yake kwa uvivu, mvua ikiikandamiza irudi chini, na jambo hilo lilikuwa likimsumbua kwa muda sasa bila yeye kulipa jina. Aliposikia kishindo cha pasi, jina lilimjia mara moja: hewa ya tanuri, ikirudi chumbani kupitia ufa. Alikimbia, akaupiga mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka.

Alimtoa mtoto kwanza, akamvuta Mwanaheri nje, akamweka mtoto mikononi mwake katikati ya mvua, akarudi kumburura Chausiku. Mwanaheri alikaa matopeni. Alimgeuza Tunu, akampiga mgongoni, akamsugua kifua, akampulizia puani. Maji yaliujaza uso ule mdogo. Hakuomba kwa maneno. Alilishika tu jina la mtoto kinywani, akilirudia bila kulimaliza.

Kisha Tunu alikohoa. Akatapika, akavuta pumzi kwa mkwaruzo, akalia kilio chembamba kilichokatika na kuanza tena.

Chausiku alikuwa kwa magoti na mikono, akitapika pia. Alipoweza kuinua kichwa alinyoosha mikono, na Mwanaheri akampa mwanawe. Walitazamana.

"Nilikwambia kichwa chaniuma," Chausiku alisema.

Revelian alisimama kando, maji yakimchuruzika usoni. "Na mie nilisema labda," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Jumamosi msimamizi wa hoteli alikuja na mwavuli. Alikuta ufa umechimbwa kwa tindo, umekuwa mfereji ulioacha wazi kokoto na matofali ya chini. Aliutazama, kisha akavitazama vigae.

"Vigae unavyo, fundi unaye," alisema. "Ungevipanga tu, ningeridhika."

"Najua," Mwanaheri alijibu.

"Na mvua ndiyo hii."

"Ndiyo hii, bwana. Sakafu haijawa tayari."

Msimamizi alifungua mwavuli wake. Mzigo wa mashuka uliokuwa ndani ya gari haukushushwa.

Revelian aliujaza mfereji kwa tabaka, akiufunika magunia mabichi. Ulipokauka aliwasha moto wa vijiti, siku nyingine mkubwa kidogo, akaacha upoe, akawasha tena. Aliirefusha dohani. Mwishowe alichoma majani mabichi tanurini, yakatoa moshi mzito, akapita na taa katika kila pembe ya chumba akiutafuta. Haukuwamo. Alimwita Mwanaheri aje ajionee.

Mwanaheri alifika mpaka kizingitini, akageuka akaondoka. Alikwenda nyumbani kwa Chausiku, ambaye hakuwa amekanyaga kwake tangu siku ile. Alimkuta barazani akimnyonyesha Tunu.

"Fundi anasema iko tayari," alisema. "Sikuja kukuita kazini. Nimekuja kukuomba ukaitazame. Ukisema bado, ataendelea."

Chausiku alimaliza kunyonyesha bila haraka. Walikwenda pamoja, na mlangoni Chausiku aliinama, akaweka kiganja juu ya zege lenye joto, akakiacha hapo kwa muda mrefu. Halafu akamfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi Mwanaheri.

"Mlango usifunge," alisema.

"Sifungi."

Chausiku aliingia peke yake. Revelian aliacha kufanya alichokuwa akifanya. Mwanaheri alibaki nje, mtoto begani, mkono wake mmoja umeuzuia mlango usirudi. Mvua ilikuwa ikimlowesha mgongo naye hakusogea. Ndani, nyayo za wifi yake zilisikika zikitoka ukuta hadi ukuta, zikisimama avute pumzi, zikianza tena.