Sahani ya Kitanda cha Tisa

"Mama Frankline, hivi kitanda kimoja cha upasuaji ni cha watu wangapi?" Nasipwondi, jirani yake Adongo, alimuuliza hivyo siku moja wakianika omena, naye Adongo akajibu kwamba hayo anayajua Mungu.

Jumatatu Adongo alifika hospitali moja ya Kisumu na mwanawe Frankline, tumbo limepasuliwa kwa panga. Aliyemkata ni Oketch, walipogombania nyavu kule Luanda Kotieno. Watu wa ufuoni nao wakamgeukia Oketch, wakampasua kifua. Wadi ya upasuaji ilikuwa na vitanda ishirini, na watu wa kuvitegemea walianzia Awasi mpaka ng'ambo ya maji huko Mbita. Kwa hiyo sista Debra aliwalaza wote wawili kitanda cha tisa, mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule. Polisi akamfunga Oketch mkono mmoja kwa pingu kwenye chuma cha kitanda.

"Sista, huyu ndiye alimkata mtoto wangu," Adongo alisema.

"Mama, shukuru. Wengine wako chini."

Jumanne saa sita chakula kilikuja. Sahani ilikuwa moja kwa kila kitanda. Ujaluoni, waliomwagiana damu hawali chombo kimoja kabla ya kutakaswa, lakini hao walikuwa na njaa, wakala. Walipomaliza, jeraha la Frankline lilikuwa limehamia kwa Oketch, pamoja na lile lake la kifua. Debra alibadilisha bandeji, akaandika kwenye faili. Jumatano walikula tena, na majeraha yote mawili yakaenda kwa Frankline. Oketch akabaki mzima, hana hata kovu.

Daktari alisema kitanda cha tisa kitaingia thieta Alhamisi saa nane, mtu mmoja tu. "Lakini mwenye kubeba yote mawili hatatoka hai," aliongeza, akaenda kitanda cha kumi.

Alhamisi sahani ilipokuja, Oketch alikaza meno. Mkewe, Akello, alisimama mbele yake.

"Hali. Hata mlete samaki wa kupaka, leo huyu hali."

Adongo alisali Baba Yetu mpaka mwisho, bila haraka. Alimtia Frankline tonge la ugali mdomoni, akangoja ameze. Halafu akainua thamosi akampiga nayo Akello usoni, jino likaanguka sakafuni. Alipanda kitandani akamkalia Oketch kifuani. Oketch alikuwa na mkono mmoja tu wa kujitetea, na mkono huo ulimng'oa Adongo hereni pamoja na nyama ya sikio. Adongo akambana pua. Mdomo ulipofunguka kutafuta hewa, alimsukumia tonge kwa vidole viwili mpaka kooni, akauziba mdomo kwa kiganja hadi alipomeza.

Wagonjwa wa kitanda cha nane walikunja miguu damu isiwarukie.

"Mama, pole pole," Debra alisema. "Shuka safi zimeisha."

Adongo alihisi damu ya moto ikitoka kifuani pa Oketch na kumlowesha mapaja, akajua imekubali. Akashuka, akanawa.

Saa nane machela ilimchukua Oketch. Saa tisa na nusu ilirudi tupu, na Akello akaitwa kutia sahihi, leso imebanwa mdomoni. Karani wa wadi aliandika kwamba kitanda cha tisa kimemaliza wagonjwa wawili kwa upasuaji mmoja, na kwamba kwa mwendo huo vitanda ishirini vinatosha. Ndugu wawili wa Awasi, waliokatana kwa ajili ya mpaka wa shamba, walikuwa wameshaletwa mlangoni, wakingoja kulazwa pamoja.

Frankline alikaa akijipapasa tumbo. Lilikuwa laini, kama halijawahi kuguswa.

"Nyathina, mtoto wangu, mshukuru Mungu," Adongo alimwambia. "Twende nyumbani."

"Niliona, Mama," Frankline alisema.

Alivaa shati, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Mama yake alinyoosha mkono amshike. Frankline aliutazama ule mkono, akampita, akatoka.