Ng'ombe Kumi na Tisa wa Kimanzi

Jumapili saa kumi alasiri Koki alikuwa ameketi kwenye stuli mbele ya runinga, akiambua mbaazi ndani ya sufuria aliyoipakata. Mwanawe wa mwisho, Munyoki, alikuwa anapiga pasi shati juu ya kitanda. Waliishi katika chumba kimoja, kwenye nyumba za zamani za kanjo, yaani za baraza la jiji, pale Shauri Moyo, Nairobi, na runinga ilikaa juu ya kabati la vyombo kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuiweka.

Walikuwa wanatazama Madaktari wa Nyanda, tamthilia ya sehemu kumi kuhusu Wazungu wawili waliotibu mifugo mashambani miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Watu wengi mtaani waliipenda. Madaktari wale walikuwa wapole. Waliingiza mikono ndani ya ng'ombe mpaka mabegani, wakavuta ndama, wakanawa, kisha wakanywa chai huku wakitaniana. Munyoki mwenyewe alikuwamo. Kazi yake halisi ilikuwa kuchonga twiga na vifaru katika karakana ya Gikomba, lakini mtu mmoja wa kutafuta waigizaji alipita hapo akaupenda uso wake. Aliigiza msaidizi wa madaktari. Katika tamthilia nzima aliitwa Boi, na kazi yake ilikuwa kushika kamba.

Hiyo ilikuwa sehemu ya nne. Madaktari walipokuwa wanakagua ng'ombe kwenye boma moja la Ukambani, ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyopinda aligeuza kichwa, akamtazama Koki, akatoka. Aliinamisha pembe ili zipite, akaweka kwato za mbele juu ya kabati, akashuka. Alivunja vikombe viwili.

Koki aliweka sufuria chini. Alipitisha mkono kwenye paja la ng'ombe mpaka akaifikia alama ya ukoo, duara lenye mkia.

"Huyu ni Ndune," alisema. "Ni wa baba."

Munyoki alichomoa pasi, akaenda kumwita jirani yao Mbugua, mshona viatu wa Kariokor, wasaidiane kutoa kitanda nje ili ng'ombe apate nafasi ya kugeuka.

Koki alikuwa na miaka tisini na miwili. Alikuwa na mitano mwaka ule serikali iliposema kwamba ng'ombe wa Ukambani wamezidi na wanaharibu udongo. Madaktari wa mifugo walikuja na askari, wakahesabu, wakatia chapa, wakachukua. Baba yake, Kimanzi, alikuwa na ng'ombe kumi na tisa. Aliwafuata kwa miguu mpaka Nairobi pamoja na watu wengine wengi, wakalala Kariokor wiki baada ya wiki wakidai kumwona gavana. Mwishowe baadhi ya watu walirudishiwa ng'ombe wao. Wa Kimanzi walikuwa wameshauzwa. Alirudi nyumbani na fimbo, na tangu siku hiyo kila jioni alisimama mlangoni mwa boma tupu akiwaita mmoja mmoja kwa majina. Hivyo ndivyo Koki alivyoyajua majina.

Jumapili iliyofuata walitoka wanne. Ile nyingine, sita. Sehemu ya saba ilipokwisha, wote kumi na tisa walikuwa Shauri Moyo, na Koki alikuwa amemtaja kila mmoja alipokuwa akiinamisha kichwa kupita.

Mtaa uliwazoea upesi. Asubuhi walikula majani ya kabichi na maganda ya mahindi yaliyobaki sokoni, na mchana walilala kwenye kivuli kati ya nyumba. Hawakupenda kupita upande wa Burma, kwenye mabucha, nao watu hawakuwalazimisha. Maziwa yalikuwa mazito kuliko ya pakiti. Koki aliyagawa kwa vikombe kwa kila aliyekuja, akianza na wenye watoto wachanga. Malalamiko yalikuwa mawili tu: samadi mbele ya kanisa, na Nzeu, dume jeupe, aliyekula nguo za Mbugua kwenye kamba. Mbugua alisema shati si kitu, ila ile suruali ilikuwa ya harusi.

Wakati huo sehemu ya mwisho ilikuwa bado haijapigwa picha. Munyoki alisafiri Jumatano mpaka shambani walikofanyia kazi, nje ya Limuru, na kumkuta mwelekezi, dada mmoja aitwaye Eve, akitazama picha za sehemu zilizopita kwenye kompyuta. Eve alimwonyesha. Katika sehemu ya nne hadi ya saba maboma yalikuwa matupu. Madaktari walipapasa hewa, wakaikodolea macho, wakasema ina homa. Eve alisema amesikia ng'ombe wako Shauri Moyo na kwamba idara ya sheria inalishughulikia jambo hilo. Kwa sasa alitaka wamalize kazi kabla mvua haijanyesha.

Sehemu ya mwisho ilikuwa ya kuchukua ng'ombe. Maandishi yalieleza kwamba daktari mkubwa anaumia moyoni lakini anajua udongo lazima uokolewe. Boi anashika kamba ya ng'ombe wa mwisho, anamtazama daktari kwa upendo, anasema: "Wachukue, Bwana. Hata sisi tunaona wamezidi." Ndipo daktari anafuta machozi.

Kamera ilipowashwa Munyoki alishika kamba tupu, akamtazama daktari, akasema: "Hawa ni ng'ombe wa Kimanzi. Hakuwauza."

Eve aliomba warudie. Munyoki alisema vile vile. Walirudia mara saba, na mara zote saba aliyasema maneno hayo kwa sauti ile ile, bila kuongeza wala kupunguza. Mwigizaji wa daktari mkubwa, mtu mwema aliyekuwa akimletea chai asubuhi, alimvuta pembeni akamwambia kwamba hata yeye hasemi maneno yake mwenyewe, anasema aliyoandikiwa. Munyoki alikubali kwamba hilo ni kweli, ila mwenzake ana jina humo ndani.

Eve alikuja akasimama mbele yake.

"Mzee Munyoki, hadithi hii si ya ng'ombe," alisema. "Ni ya madaktari. Watu wanawapenda."

"Hata mimi nawapenda," Munyoki alisema. "Wao ndio washike kamba basi."

Akaiweka kamba mkononi mwa daktari, akavua kofia na koti la Boi, akaviacha vimekunjwa juu ya kiti. Alifika nyumbani kabla ya saa kumi. Alipomweleza mama yake, Koki alimwuliza swali moja tu, kama alikuwa amelitaja jina la Kimanzi mbele ya watu. Munyoki alisema alilitaja mara saba. Koki alimkatia kipande kikubwa zaidi cha chapati.

Barua ya kampuni ililetwa wiki hiyo hiyo. Ilisema kwamba ng'ombe wote walioonekana katika tamthilia ni mali ya tamthilia, na kwamba wameondoka bila idhini. Alhamisi ya wiki iliyofuata, asubuhi, lori mbili zilisimama kando ya nyumba, na pamoja nazo akaja Abdimajid, daktari wa mifugo wa serikali, kijana mwenye miwani na buti safi, aliyetumwa kuhakikisha kila kitu kinafanyika kwa utaratibu.

Alifanya kazi yake vizuri. Aliwapima wote joto, akawatazama meno na kwato. Alimwambia Koki kwamba hajawahi kuona ng'ombe wenye afya kama hawa, na kwamba wana chapa ya serikali isiyotumika tena tangu kabla babu yake hajazaliwa. Kisha akafungua fomu na kumwomba cheti cha umiliki.

Koki alimwonyesha alama ya ukoo kwenye paja la Ndune, iliyokuwa chini ya chapa ya serikali na ya zamani kuliko hiyo. Abdimajid aliinama akaitazama kwa muda mrefu, hata akaigusa kwa kidole.

"Shosho, naiona," alisema. "Lakini fomu haina mahali pa kuiandika."

"Ina upande wa nyuma?"

Abdimajid aliigeuza. Ilikuwa nyeupe. Koki alitaja majina kumi na tisa, naye akayaandika yote kwa mwandiko mzuri. Kisha akasema samahani, maana anayetia sahihi hutia upande wa mbele.

Watu wa mtaa walikuwa wametoka. Mbugua alijifunga kamba ya Nzeu kiunoni, akasema anayemtaka dume huyo mwenye suruali yake tumboni atamchukua yeye pia. Wanawake waliokunywa maziwa yale walikaa chini nyuma ya lori wakiwa na watoto wao. Ilichukua saa tano na askari ishirini kuwaondoa mmoja mmoja. Hakuna aliyepiga kelele. Ng'ombe wa mwisho alipopanda, Koki alimwambia Munyoki alete chuma chake.

Munyoki alikuwa na chuma chembamba cha kuchomea madoa ya twiga kwenye mbao. Alikitia kwenye jiko la makaa la jirani mpaka kikawa chekundu. Koki alikishika mwenyewe kwa kitambaa, akaenda nyuma ya lori ya kwanza, akachora kwenye mbao za mlango duara lenye mkia. Moshi ulimpanda usoni. Dereva alimwuliza anafanya nini.

"Naweka alama," alisema Koki. "Ulichobeba ni chetu."

Akaiendea lori ya pili. Askari mmoja alitaka kumzuia, lakini Abdimajid alimwambia amwache, kwamba utaratibu hausemi lolote kuhusu lori. Zikaondoka kuelekea Barabara ya Jogoo, zote mbili zikiwa na chapa ya ukoo wa Kimanzi.

Kampuni ilijaribu siku mbili kuwarudisha ng'ombe ndani ya tamthilia. Walisukumwa mbele ya runinga kubwa, wakavutwa kwa mbele na kuchapwa kwa nyuma, wakakataa. Gharama ya kuwalisha ilionekana haina maana, wakauzwa kwa machinjio.

Sehemu ya mwisho ilionyeshwa kama ilivyopangwa. Sauti ya mtu mwingine iliwekwa kinywani mwa Munyoki. Boma lilikuwa tupu, Boi alishika kamba isiyokuwa na kitu mwishoni, akasema wachukue, Bwana, hata sisi tunaona wamezidi, na daktari mkubwa akalia akitazama vumbi lisilokuwa na kwato. Magazeti yaliusifu utupu huo, yakasema ni ubunifu wa hali ya juu. Tamthilia ilipata tuzo mbili na ikaagizwa msimu wa pili.

Jumatatu asubuhi, siku nne tu baada ya lori kuondoka na kabla ya tuzo hizo, Koki alivaa kitenge chake cha kanisani, akamshika Munyoki mkono, wakaenda ofisini kwa Abdimajid. Foleni ilikuwa ndefu. Walipofika mezani alisema amekuja kuripoti wizi wa ng'ombe kumi na tisa. Abdimajid alivua miwani akaifuta. Alieleza kwa upole kwamba lazima aandike tarehe ya tukio, na kwamba kwa jinsi anavyoelewa matukio ni mawili, moja la zamani sana na jingine la Alhamisi.

"Sasa, shosho, unalalamikia ng'ombe gani? Wale wa zamani au hawa wa juzi?"

"Ni hao hao," Koki alisema.

Abdimajid alifikiri, kisha akaandika hivyo mahali pa tarehe. Alimwambia ukweli, kwamba faili itapelekwa juu na huko juu haitajibiwa. Koki alisema anajua. Aliuliza ofisi inafunguliwa saa ngapi. Akaambiwa saa mbili.

Hakuna ng'ombe aliyerudishwa, wala mtu aliyeombwa msamaha. Koki huenda kila Jumatatu. Hufika saa mbili kasoro dakika tano, hukaa kwenye benchi lililo karibu na mlango, na ofisi inapofunguliwa huanza kutaja majina, moja baada ya jingine, kwa sauti inayosikika mpaka chumba cha mwisho. Makarani wameshazoea. Siku ambayo mvua ilimchelewesha, karani mmoja aliyekuwa akipanga karatasi alitazama saa, akaona saa mbili imepita, akaanza kuyataja majina yeye mwenyewe.