Sufuria Isiyo na Mfuniko

Chelagat aliuza kwanza vitu ambavyo havikumuuma. Viti vya plastiki, redio iliyokohoa kuliko kusema, buti za marehemu mumewe ambazo hakuna aliyezitaka hata kwa kuendea chooni. Alivipiga picha sebuleni kwake Free Area, Nakuru, akaviweka kwenye kundi la mtandaoni la kuuziana vitu, akangoja. Wateja wa mtandaoni nao Mungu awarehemu. Mia wanauliza bei, hamsini wanataka ipunguzwe, kumi wako njiani, na anayebisha hodi ni mmoja.

Deni lilikuwa la mumewe huyo, Kipyegon. Alikopa kwenye sacco, chama cha akiba na mikopo, akanunua mashine ya kupasua mbao kule Elburgon, kisha akaugua na kufa kabla mashine haijamrudishia hata nauli. Mashine iliuzwa, haikutosha. Mdhamini wa mkopo huo alikuwa rafiki yake Kinyanjui, mkulima wa viazi wa Dundori, na hiyo ndiyo iliyomkosesha Chelagat usingizi. Maana ukimdhamini mtu kwenye sacco, akiba yako hufungwa mpaka deni lake liishe lote. Likibaki la shilingi kumi, akiba haifunguki. Na akiba ya Kinyanjui ilikuwa karo ya binti yake Abby, aliyeitwa chuoni na kupewa siku ya kuripoti.

Siku ya mazishi Chelagat aliapa kaburini kwamba Kinyanjui hataumia kwa ajili ya maiti. Dawa ya deni ni kulipa, naye aliamua kuinywa dawa hiyo mwenyewe. Meza ikaenda, televisheni ikaenda, mtungi wa gesi ukaenda na jiko lake. Sebule ilipobaki kuta tupu, na siku ya Abby imekaribia, ndipo akaikumbuka ile sufuria kubwa.

Ilibaki tangu matanga. Huku kwetu mtu akifiwa, akina mama huja na sufuria zao, na kila mmoja ameiwekea yake alama ya rangi kitakoni ili zisichanganyike. Hii ilikuwa na nukta tatu nyekundu. Ilikuja bila mfuniko, ikapikiwa waombolezaji githeri ya mahindi na maharagwe huku imefunikwa kwa sinia. Sufuria nyingine ziliulizwa na wenyewe wiki ile ile. Hii mwaka mzima hakuna aliyeiulizia, na Chelagat naye hakuuliza ni ya nani. Alijua vizuri kwamba asiyeuliza hujibiwa na nafsi yake, na nafsi yake ilikuwa na shida ya pesa.

Akazikwangua zile nukta kwa kisu na majivu. Akaipiga picha. Jioni hiyo hiyo alikuja Prachi, mama wa Kihindi anayepikia harusi na mikutano mjini, akalipa bila kubishana.

"Mfuniko uko wapi, mama?"

"Ilikuja hivyo."

Kesho yake, saa nne asubuhi, jua likiwaka na watoto wa jirani wakicheza nje, Chelagat alisikia mfuniko ukigongagonga jikoni, kama wa chakula kilichochemka kikataka kuepuliwa. Alikwenda akasimama mlangoni. Jiko halikuwepo. Sufuria haikuwepo. Harufu ya mahindi na maharagwe ilikuwepo, nzito, na ule mlio wa kugonga uliendelea pembeni kabisa palipokuwa na jiko, kisha ukanyamaza.

Siku ya pili saa nne, tena. Siku ya tatu, tena. Aliomba, akanyunyiza maji, akaweka nyimbo za kanisani kwenye simu kwa sauti ya juu, na mfuniko ukagonga chini ya nyimbo. Angekuwa Kipyegon asingeogopa. Mume wake anamjua, angemgombeza wakaelewana. Aliogopa kwa sababu hakujua ni nani.

Kisha Prachi akapiga simu.

"Mama, hii sufuria yako iko na maneno. Nikipikia watu hamsini, napakua sahani hamsini, inabaki moja. Napunguza unga, napunguza mchele, bado inabaki moja. Wapishi wangu wamekataa kuiosha. Ni ya nani?"

"Ni yangu," Chelagat akasema.

Siku ya mwisho kabla ya Abby kuripoti, pesa ilitimia. Ilikuwa kwenye simu, tayari kutumwa, lakini Chelagat alitaka Kinyanjui aone kwa macho yake mwenyewe. Akapanda Dundori asubuhi. Hakuwa amefika huko tangu msiba. Mama Abby, mke wa Kinyanjui, alifariki wiki ile ile ya matanga ya Kipyegon, na Chelagat, akiwa na kaburi lake bichi, hakwenda kumzika. Aibu hiyo alipanda nayo.

Kinyanjui alimkaribisha jikoni, akammiminia chai. Chelagat alishika kikombe, akainua macho, na hakukinywa. Ukutani, kwenye msumari, mfuniko mkubwa ulikuwa umening'inia. Karibu na mshikio ulikuwa na nukta tatu nyekundu.

Saa nne ilipofika, mfuniko ukaanza kugonga ukuta. Upepo haukuwepo. Kinyanjui aliendelea kukoroga chai yake ambayo sukari ilishayeyuka zamani.

"Baba Abby," Chelagat akasema polepole, "huo mimi nausikia kwangu."

Mzee akaweka kijiko chini. "Shemeji, sufuria niliiona kwa simu ya Abby siku ile uliyoiweka. Niliijua kwa hilo sikio lililopinda. Abby akaniambia, Dad, si hii ni ya mum? Nikamwambia sufuria zote zinafanana."

"Mbona hukunipigia?"

"Ningekupigia ungeirudisha. Na mimi nilitaka deni liishe." Sauti yake ilishuka. "Siku ile ya matanga kwako, mama Abby alipika akiwa mgonjwa. Akapakulia watu wote, akatoka bila kula. Nikamuuliza, na wewe? Akasema, sahani yangu imebaki kwa sufuria, nitakula wakiirudisha. Si unajua chombo hakirudi kitupu? Hakumaliza wiki."

Chelagat akamweleza sahani inayobaki kwa Prachi. Kinyanjui akajifunika uso kwa mikono yote miwili, na mfuniko ukagonga juu ya kichwa chake.

"Pesa ndiyo hii," Chelagat akasema, akimwonyesha simu. "Nikituma, umetoka. Nikiikomboa sufuria, akiba inabaki imefungwa na Abby anaikosa nafasi yake ya chuo mwaka huu. Na mimi niliapa."

Abby ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni, ndoo ya maziwa mkononi. Hawakujua amesimama hapo tangu lini.

"Kwani mlikuwa mnausikia nyote?" akasema. "Mimi nilidhani naingia wazimu. Kila saa nne najifunga nguo kichwani nisisikie." Akaweka ndoo chini. "Nitaenda chuo mwaka ujao. Auntie, tafadhali, mletee mum chakula chake."

Prachi aliirudisha sufuria kwa bei ile ile, na alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kesho yake Chelagat alifika Dundori nayo ina githeri ya moto aliyopikia kwa jirani, imefungwa kwa leso. Kinyanjui aliutoa mfuniko msumarini akaifunika sufuria. Uliingia sawasawa.

Walipakua sahani nne. Ya nne Abby aliiweka kwenye kigoda cha mamake karibu na moto, na sufuria ikabaki tupu hadi kitakoni, hata punje haikubaki. Saa nne ikafika. Ikapita. Jikoni palisikika vijiko tu.

Simu ya Kinyanjui ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sacco: deni halijaisha, akiba inaendelea kufungwa. Akausoma, akailaza simu kifudifudi, akaomba chumvi.

Chelagat akampa. Kisha akaweka sahani yake chini, akamlilia Mama Abby, mwaka mzima baada ya siku aliyopaswa kumlilia.