Kianikio Juu ya Kitanda cha Otuoma

Uani kwetu kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na hakuna aliyeivunja. Wingu likitanda kutoka ziwani, yeyote aliye nyumbani huteremka na kuanua nguo za ghorofa nzima, zake na zisizo zake. Huzikunja na kuziweka juu ya kiti cha mbao kilichokaa chini ya ngazi, nawe ukirudi unachukua zako. Mara nyingi aliyefanya kazi hiyo ni Mama Kashindye, mama mtu mzima wa nyumba ya chini, kwa sababu mlango wake ulitazamana na kamba.

Nasema haya ili ieleweke kwa nini nilikasirika.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka 1995. Nilikuwa nimekwenda mjini kutafuta uzi wa cherehani, mvua ikanikamata njiani. Nilipoingia uani nikiwa nimelowa chapachapa, kiti kilikuwa na mlima wa nguo zilizokunjwa vizuri. Nikatafuta zangu, sikuziona. Nikageuka. Shuka zangu mbili zilikuwa bado kwenye kamba, peke yake, zimeelemewa na maji hadi pindo zinaburuza kwenye tope. Nazo hazikuweza kuchanganywa na za mtu mwingine. Zilikuwa shuka za kile kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi miaka kumi na mmoja kabla hawajatupunguza, nyeupe zenye mstari wa bluu pembeni, na kila mtu pale alijua ni za Amondi wa ghorofa ya pili.

Pazia la Mama Kashindye lilitikisika. Basi alikuwemo ndani. Alikuwa ameanua nguo za watu wote, akafika kwenye za kwangu akarudisha mkono.

Nilijua kwa nini, au nilidhani najua, na mimi nikishadhani ninajua huwa sisikii la mtu. Miezi miwili nyuma mdogo wangu Otuoma alikuwa amehamia kwangu. Huyu Otuoma ndiye aliyekuwa akipeleka mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, kwa wanunuzi wa mjini enzi viwanda vya minofu vilipoanza. Alivaa suruali za mtumba zilizonyooshwa hadi zinakata, akicheka sauti inafika barabarani. Alirudi amebebwa mgongoni na dereva wa pikapu. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja jina. Wakati ule watu walisema "anaumwa kifua," wakatazama pembeni, yakaisha. Kitanda chake nilikibadilisha mara mbili kwa siku, na kila nilichofua nilikianika pale uani, mbele ya madirisha kumi na sita.

Nikasema sawa. Kama shuka zetu zinawachafulia macho, hawataziona tena.

Nilianza na kamba ya katani, nikaifunga kutoka msumari wa dirishani hadi bawaba ya mlango. Nyumba yangu ilikuwa vyumba viwili tu. Kimoja kilikuwa changu na cherehani na mizigo ya nguo za watu, na hicho kingine cha Otuoma. Kamba ikapita katikati ya chumba chake, kila nikiingia na uji shuka mbichi inanipiga usoni. Siku ya tatu msumari ukang'oka na kipande cha plasta.

Nikaenda Makoroboi, kwenye maduka ya mjini. Miaka ile maduka yalikuwa yamefurika vitu kutoka Dubai, vitu ambavyo zamani tulikuwa tunasikia tu kwamba vipo. Muuzaji akanionyesha kidude cha plastiki cha rangi ya waridi, kinafunguka kama mwavuli, kina vibanio ishirini vinaning'inia. Nilikipenda, nisiseme uongo. Nilikitundika, nikabana shuka moja, kikapinda taratibu kama mtu anayesinzia, kisha kikakatika. Kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya soksi za watu wazima wa afya.

Ndipo nikamwita Luhaga, seremala wa Igogo. Aliingia na futi yake ya chuma mkononi, akatazama chumba, akamtazama Otuoma, akamsalimia kwa adabu. Hilo nilimshukuru.

"Weka fremu ya mbao yenye fito sita," akasema. "Inaning'inia darini kwa roda mbili. Unaishusha, unaanika, unavuta kamba, inapanda juu. Chini unapita bila kuinama."

"Ndiyo ninayoitaka."

"Shida ni mahali. Kule kwako kuna mizigo. Huku itakaa juu ya kitanda tu." Akatazama dirisha. "Na jua hakuna, dada. Hizo nguo zitakauka kwa huruma ya nani?"

"Upepo upo."

"Mbona dirisha umelifunga?"

"Pima, fundi."

Akapima kitanda. Futi sita na inchi mbili kwa futi tatu na nusu. Aliandika kwa penseli kwenye kiganja chake.

Kesho yake alikuja na fremu, akapanda juu ya meza yangu ya kukatia nguo, akaanza kutoboa dari la zege kwa tindo na nyundo. Kelele yake ilikuwa ya kufufua wafu. Jengo zima lilisikia. Mimi niliyekuwa nataka kufanya mambo yangu kwa siri nilikaa nimeziba masikio huku vumbi la saruji likimshukia mgonjwa, naye amejifunika kanga yangu usoni. Alikohoa hadi Luhaga akasimamisha nyundo mara tatu.

Kulabu ziliposhika, Luhaga akaanza kufunga kamba. Otuoma akafunua uso.

"Fundo hilo litateleza likilowa," akasema. "Leta hapa."

Kabla ya biashara ya mabondo, Otuoma alikulia kwetu Shirati akishona nyavu na baba yetu mdogo, mzee Okwach. Luhaga akampa kamba bila kubisha. Vidole vya mdogo wangu vilikuwa vimebaki mifupa na kucha, lakini vilipoishika ile kamba vilikumbuka. Alipitisha, akazungusha, akabana kwa meno. Mafundo manne. Baada ya kila moja alipumzika. Luhaga alizipachika kamba hizo kwenye pembe za fremu kama alivyoelekezwa, akavuta, fremu ikapanda ikilia hadi darini.

"Haya hayafunguki," Otuoma akasema. "Yakinywa maji ndiyo yanakaza."

Luhaga alipoondoka, nilikuwa nafagia vumbi. Otuoma alikuwa ameangalia juu.

"Dada, hiki ni cha kunificha mimi."

"Ni cha mvua."

"Sawa," akasema. Mimi nikaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

Basi masika yakaingia kwelikweli. Shuka zilining'inia juu yake mchana kutwa, zikatona. Nilitandika nailoni juu ya blanketi lake, nikapanga beseni mbili miguuni, na bado tone lilijua njia ya kumfikia shingoni. Ukuta ulianza kuota madoa meusi. Shuka zilikaa siku mbili bila kukauka, zikanuka uvundo, nikawa nazimalizia kwa pasi ya mkaa humo humo ndani, dirisha limefungwa, moshi na mvuke vimejaa chumba. Kikohozi chake kilibadilika sauti. Nilikisikia kikibadilika. Nilisema ni baridi ya masika.

Wiki ya kwanza hiyo hiyo aliniomba kitu. Hakuwa mtu wa kuomba.

"Dada, nataka shuka iliyolala juani. Moja tu. Nikivuta pumzi nisikie jua."

"Jumapili," nikamwambia.

Jumapili kwa sababu Jumamosi ni Sabato yetu, hatufui, na Jumapili asubuhi watu wote wa pale walikwenda misa. Ua ungekuwa mtupu. Jumapili ikafika, mvua ikanyesha tangu alfajiri hadi jioni, na nyingine mbili zikafuata vivyo hivyo. Kwa hizo sijilaumu.

Wiki ya nne Mama Kashindye akagonga mlango. Nilifungua upana wa uso wangu tu. Nilimpa shikamoo kavu. Alishika kibakuli kilichofunikwa.

"Marahaba. Amondi, kamba yenu naiona tupu mwezi mzima. Nikasema labda mmesafiri."

"Tunafulia Mkolani, kwa ndugu. Wana maji mazuri."

Nyuma yangu tone likaanguka kwenye beseni, likasikika vizuri kabisa. Likafuata la pili.

"Haya," akasema pole pole. "Na mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa gani?"

Aliniangalia. Macho yake hayakuwa na ukali, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akaniachia kibakuli mkononi, akashuka. Ndani kulikuwa na uji wa ulezi wenye karanga. Nilipogeuka, Otuoma alikuwa macho. Alikuwa amesikia dada yake akisema hakuna mgonjwa. Alikunywa ule uji kidogo kidogo, akaumaliza, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi.

Jumapili iliyofuata jua lilitoka. Lilitoka la kweli, ziwa likang'aa hadi likaumiza macho. Nilifua shuka mbili saa mbili asubuhi, nikaweka kwenye beseni, nikamwambia, "Leo leo." Akatabasamu. Nikashuka ngazi. Nilipofika kona ya mwisho nikasikia sauti za wanawake uani. Mama Kashindye alikuwa na wageni kutoka kijijini, wamekaa kivulini wanamenya viazi, wanacheka. Hawakuwa wananicheka mimi. Hawakujua hata kama nipo. Lakini nilisimama pale na beseni kiunoni, nikaona jinsi watakavyonyamaza nikitokea, jinsi watakavyohesabu madoa.

Nikapanda tena.

Nilishusha fremu, nikazianika juu yake zile zile, nikavuta kamba. Otuoma alizitazama zikipanda. Kisha akageukia ukutani. Ningependa angenitukana.

"Jumapili ijayo," nikasema.

Alikufa siku mbili baadaye, Jumanne, saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimemletea chai. Tone la maji lilitoka kwenye shuka, likamwangukia kwenye paji la uso, likateremka hadi kwenye jicho. Hakulipangusa. Likaanguka jingine, na hilo nalo hakulipangusa. Hivyo ndivyo nilivyojua.

Sikumbuki kama nililia kwa sauti, ila Mama Kashindye alifika kabla sijafunga mlango, na nyuma yake wengine watano. Safari hii sikusimama mlangoni. Waliingia, wakaona fremu, beseni, ukuta mweusi, pasi yenye majivu. Mmoja alifungua dirisha. Wawili wakashusha fremu, wakaondoa shuka, wakakusanya na zilizokuwa chini ya kitanda, zote, wakateremka nazo. Nilisikia ndoo zikigongana bombani.

Nilipotazama nje, kamba yote ilikuwa nyeupe. Shuka zangu sita zenye mstari wa bluu zilijaza ua kutoka nguzo hadi nguzo, mbele ya madirisha kumi na sita, na jua lilikuwa linawaka. Watu walipita chini yake wakiinamisha vichwa, wakaendelea na kazi za msiba.

Mama Kashindye alikuja kukaa na mimi mkekani.

"Siku ile ya mvua niliziona," akasema kwa sauti ya chini. "Nilishika ya kwanza nikaona damu haikutoka vizuri. Nikawaza, nikizikunja nikaziweka kwenye kiti, kila anayepanda ngazi ataziona. Na wewe utajua kwamba nimeona. Nikaziacha, nikasema acha mvua izisuuze." Alishika ncha ya kanga yake, akaikunjakunja. "Kumbe ulifikiri vingine. Nilipokuja kugonga nilitaka kukuambia uniletee niwe nakufulia. Nikaona hutaki."

Hasira ya wiki sita ilikuwa imesimama mbele yangu na haikuwa na mwenyewe isipokuwa mimi. Nilimlaza mdogo wangu chini ya maji, nikamfungia dirisha, nikamkana mlangoni, kwa sababu ya pazia lililotikisika.

Luhaga alikuja mchana kwa ajili ya jeneza. Hakutoa futi yake. Alisema kipimo anakikumbuka. Alitaka kuondoa na kianikio, akahangaika na mafundo ya pembeni, yakamshinda kabisa, nikamwambia ayaache.

Saa kumi jeneza lilikuwa tayari, na gari la Shirati lingeondoka alfajiri. Mama Kashindye akaniuliza tumfunike Otuoma na nini. Nikasema ngoja. Nikashuka mwenyewe uani, wanawake wakanipisha, nikaanua shuka moja iliyokuwa katikati, mahali ambapo jua lilikuwa limekaa mchana kutwa. Ilikuwa kavu hadi inakwaruza, bado ina joto. Niliikumbatia, nikapanda nayo. Miaka yote niliyokaa pale sikuwa nimewahi kuzihesabu zile ngazi. Siku hiyo nilizihesabu. Zilikuwa ishirini na nane tu, kutoka juani hadi kitandani kwake.