Kahawa Iliyonuka Sabuni

Mama mkwe alifika asubuhi, na hata viatu hajavua, akatangaza sharti lake.

"Nimeombwa nihamie hapa nilee mjukuu. Sawa. Lakini mimi nyumba isiyo na kahawa ya maana siishi. Narudi zangu kwa mwanangu mkubwa."

Mke wa mwanawe, mtoto kamlaza begani, akacheka kwa adabu. Moyoni wala hakucheka. Likizo ya uzazi ilikuwa inaisha Jumatatu, na pale mapokezi anapofanyia kazi hakuna pa kulaza kichanga. Bibi asipokaa, kazi basi tena. Na kahawa yenyewe aliijua ya mashine ya ofisini: unabonyeza kitufe, inatoka.

"Wifi, usinitolee macho," alisema dada wa mumewe, aliyekuja kumsindikiza mama. "Lete mtoto, uingie vitani."

Mke akamkabidhi mtoto, akaingia jikoni. Akabandika sufuria ya maji, akamimina kahawa, akaiacha ichemke weee, mpaka ikapanda ikazima moto. Chujio akalitafuta, halionekani. Akachukua kitambaa kisafi kuliko vyote, kilichofuliwa jana kwa sabuni ya maua, akachujia.

Mama mkwe akapiga funda moja. Akakitazama kikombe.

"Mwanangu, hii ni ya kunywa au ya kuloweka shuka?"

"Mama, usicheke," wifi alisema, mwenyewe kajikunja kwa kicheko. "Utatoa mapovu!"

Mke akarudi jikoni, mashavu yanawaka. Akaonja iliyobaki. Sabuni ilitangulia, nyuma yake ukaja uchungu wa kitu kilichoungua. Kumbe makosa ni mawili, kitambaa na moto. Akaimwaga yote.

Safari hii akachemsha maji matupu. Yalipotokota akaepua, akangoja yaache kurukaruka, ndipo akatia kahawa, vijiko vya kujaa. Akakoroga, akafunika, akakunja mikono.

"Wifi! Umelala huko?"

"Kahawa ndiyo iliyolala. Msiiamshe!"

Alipofunua, povu lilikuwa juu. Akaliengua kwa kijiko, akanyunyizia maji baridi kidogo, mashapo yakazama taratibu. Akateka kwa upawa bila kutikisa, na ile ya chini kabisa akaiacha humohumo kwenye sufuria.

Mama mkwe alinusa kwanza. Mtu akishaumwa na nyoka, hata ung'ongo humshtua. Akapiga funda. Akapiga la pili, refu.

"Sasa umechujia nini?"

"Sijachuja, mama. Nimeiacha ikae yenyewe."

"Hm."

Wifi akamtazama mama, akamtazama mke. Mama mkwe akanywa hadi kikombe kikaonesha kitako, akakiweka mezani, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Jumatatu unatoka saa ngapi?"

"Mapema sana, mama."

"Basi kahawa uniachie imeiva. Mtoto nitamwogesha mimi."