Kipa wa Magunia

Josephat Masele alidaka miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo nilimwona akizimia uwanjani mara nne. Mara ya kwanza nilidhani amekufa. Mara ya nne nilimmwagia maji usoni huku nikiendelea kubishana na refa.

Mimi nilikuwa beki wake. Timu yetu ilikuwa ya kiwanda cha magunia pale Nyakato, Mwanza, na watu waliiita Magunia tu. Kiwanda kilimwajiri mwaka 2004, akiwa na miaka ishirini, ametoka Magu na begi moja. Kwenye karatasi alikuwa mpakizi. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama golini, na kwa kazi hiyo alijenga nyumba, akaoa, akasomesha.

Uwanja wetu ulikuwa Kiseke, chini ya kilima cha mawe, na mashabiki walikaa juu ya mawe hayo kama pimbi. Kipindi cha pili upepo wa ziwani ulikuwa unazipinda krosi, na makipa wengi waliganda mstarini wakisubiri bahati. Josephat alikuwa anatoka.

"Mpira wa juu ni wangu," alituambia siku ya kwanza. "Ukisikia nimeita, ondoa kichwa."

Beki aliyesahau alikula ngumi ya kisogo. Mimi nilisahau mara mbili.

Mwezi wa tano mwaka 2009 tulivuka na kivuko kwenda kucheza Sengerema. Straika wao aliitwa Yahaya, mtoto wa fundi cherehani, kijana mwembamba aliyeruka juu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumkaba. Dakika ya kumi ikapigwa kona. Josephat aliita, akaruka, akaudaka mpira kwa mikono miwili. Goti la Yahaya likampata chini ya kidevu. Nilisikia mlio kama wa muwa unaovunjwa. Alianguka akiwa ameukumbatia mpira, damu ikamtoka mdomoni pamoja na meno mawili. Tulitaka kumgeuza asipaliwe na damu, lakini vidole vyake vilikataa kuuachia ule mpira. Ilibidi tumgeuze nao.

Taya lake lilifungwa waya wiki sita. Rebeka, mke wake, alimnywesha uji kwa mrija, na kila nilipokwenda kumwona aliniuliza swali lile lile: "Elias, na wewe ulikuwa wapi?"

Mwezi wa nane Sengerema wakaja kwetu. Josephat alikuwa ametolewa waya, bado anatafuna upande mmoja. Kwenye chumba cha kuvalia jezi, wakati anazungushia plasta vidole vyake, nilimsogelea.

"Leo mpe lake," nikamwambia.

"Lipi?"

"Unalijua."

Alikata plasta kwa meno, upande ule aliobakiwa na meno.

Juu ya mawe walijaa watu kuliko siku zote. Kiongozi wa mashabiki alikuwa Chenge, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, mtu mnene mwenye sauti ya kufika Igoma. Alikuwa amekuja na ngoma mbili. Kila Yahaya alipougusa mpira, Chenge alizipiga, na mawe madogo yakaanza kumdondokea yule kijana mgongoni.

Krosi ilikuja dakika ya hamsini na kitu. Upepo uliichukua, ikapanda, ikakaa hewani. Josephat aliita. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale, kwa hiyo ninachosema nilikiona kwa macho yangu: mpira ulikuwa kulia, na ngumi yake ikaenda kushoto. Ilimpata Yahaya kwenye jicho na ilikuwa na uzito wote wa mwili wa Josephat nyuma yake. Yahaya alidondoka bila kuweka mikono chini. Halafu akaanza kupiga kelele, na kupitia vidole alivyojifunika navyo nikaona kitu ambacho sitaki kukieleza.

Refa hakupuliza. Aliona kipa amefuata krosi. Na juu ya mawe watu walicheza. Wanawake walipiga vigelegele. Chenge akapaza sauti, "Nyundo! Nyundo!" na kilima kizima kikaitikia. Yahaya aliburutwa nje kwa mikono na miguu, na mchezo ukaendelea. Tulishinda moja bila.

Nilipiga kelele pamoja nao. Sitaficha hilo.

Wiki mbili baadaye Josephat alikuja nyumbani kwangu asubuhi, amevaa shati la kanisani. "Twende Sengerema," akasema.

Yahaya alikuwa amekaa kwenye mkeka uani kwao, bandeji imemfunika nusu ya uso. Jicho la kushoto lilikuwa limetolewa. Mama yake, Bi Zakia, alikuwa anachambua mchele.

"Shikamoo mama," Josephat akasema.

"Marahaba, baba. Karibuni. Ninyi ni wa wapi?"

"Mwanza. Ni mimi niliyempiga."

Bi Zakia aliweka ungo chini taratibu. Akavua kandambili, akamfuata Josephat, akaanza kumpiga nayo usoni. Alimpiga kwenye lile taya bovu, kulia, kushoto, tena na tena, hadi damu ikamtoka Josephat kwenye ufizi. Alisimama wima, mikono imeshuka.

"Mama, mwache," Yahaya akasema mwishowe.

Josephat akapiga magoti mbele yake. "Sikuufuata mpira," akamwambia. "Watu wote wanasema niliufuata. Sikuufuata."

Yahaya alimtazama kwa jicho lililobaki. "Mimi siku ile niliufuata," akasema. "Lile goti. Nilikuwa naufuata mpira."

Kwenye kivuko Josephat alisimama ukingoni na kutema damu majini hadi tulipofika ng'ambo.

Nilidhani ataacha kudaka. Hakuacha. Alikuwa na mke na watoto wawili, na kiwanda hakikuwa na haja ya mpakizi mwenye taya bovu. Lakini kuanzia siku ile hakunyanyua tena goti wala ngumi kwa mtu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyelijua hilo isipokuwa mimi. Jina lilikuwa limeshavuka ziwa. Mabeki wa timu pinzani waliwaambia mastraika wao, "Mwahini Nyundo kabla hajawawahi." Ukerewe walimvunja mbavu mbili kwa kiwiko. Misungwi mtu alimkanyaga na njumu, mfupa wa bega ukatoka mahali pake, akaurudisha mwenyewe kwa kujigonga kwenye nguzo ya goli. Vidole vyake vilivunjika na kuungana vibaya, vikavunjika tena, hadi akawa hawezi kufunga vifungo vya shati. Mimi niliacha kucheza mwaka 2015, nikawa kocha msaidizi. Yeye aliendelea kusimama pale, na kila alipotoka golini mawe yote yaliita, "Nyundo!"

Mwaka 2023 tulihitaji sare tu ili tupande daraja. Josephat alikuwa na miaka thelathini na tisa. Wageni walikuwa Kwimba, na hadi dakika ya themanini na saba ilikuwa bila bila. Ndipo mpira ulipompita beki wetu, na straika wao, kijana wa miaka kumi na minane hivi, akabaki yeye na kipa. Mpira ulimdundia usawa wa kiuno, akainamisha kichwa kuufuata. Josephat alikuwa ameshatoka. Goti lake lilikuwa limeshapanda. Kilima chote kilisimama.

Nikaona akilishusha. Alijipinda hewani, akaangukia bega lile bovu, na yule kijana akapita akausukuma mpira wavuni kwa paji la uso.

Filimbi ya mwisho haikusikika. Watu walishuka kutoka kwenye mawe kama maji. Nilidhani wanamfuata refa, kumbe wanamfuata Josephat. Wa kwanza alimpiga jiwe la mgongoni. Wa pili alikuwa na ubao wa benchi. Alipoanguka, wakamzunguka, nikawa sioni kitu isipokuwa miguu. Nilichomoa mti wa kibendera cha kona nikaingia, nikapiga mtu mmoja shingoni, mwingine kwenye goti, hadi nikanyang'anywa na mimi nikala teke la tumbo. Nikiwa chini nilimwona Chenge. Alikuwa ameshika jiwe kwa mikono miwili na analishusha kwenye mkono wa kulia wa Josephat, kama mama anayetwanga.

"Umetuuza!" alikuwa anapiga kelele. "Umetuuza, mbwa wewe!"

Mara ya tatu jiwe liliposhuka, Josephat aliamka. Sijui nguvu alizitoa wapi. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia. Alimpiga Chenge kwa wa kushoto, mara moja, katikati ya uso. Pua ilipotea. Chenge akaenda chini na jiwe lake.

Watu wakarudi nyuma hatua moja, mbili. Kisha mmoja, yule yule mwenye ubao, akainua mkono.

"Nyundo!" akasema.

"Nyundo!" wakaitikia wengine. Wakaanza kupiga makofi. Watu waliokuwa wakimuua dakika moja iliyopita walikuwa wakimwimba, na wawili wakaja kutaka kumbeba juu. Josephat aliwatazama mmoja mmoja, kisha akainama na kutapika kwenye viatu vyake. Nilimtoa pale nikiwa nimemshika kiunoni, na nyuma yetu waliendelea kuimba.

Hospitali walikata vidole vitatu. Siku ya tano kamati ya mashabiki ilikuja na soda na machungwa, Chenge akiwa mbele, pua imefungwa plasta. Aliomba msamaha, kisha akasema msimu ujao Josephat akae golini hata dakika tano tu, jina peke yake litatosha. Rebeka alimsikiliza hadi mwisho. Akachukua chupa ya chai, akaifungua, akammwagia mapajani. Chenge alikimbia hadi getini akipiga mayowe, na wengine wakamfuata.

Sasa Josephat na familia yake wanaishi Magu, kwenye shamba la wazazi wake. Nilikwenda kumwona mwezi wa pili. Nilimkuta zizini, amechuchumaa, anakamua kwa mkono wa kushoto, ndoo ameibana kwa magoti.

"Josephat," nikamwambia, "siku ile ya Kwimba. Kwa nini ulilishusha goti?"

Hakuwahi kuwa mtu wa maneno.

"Kile kichwa kilikuwa karibu sana," akasema. "Niliona hadi nywele, amenyolewa vibaya. Ukiona mtu amenyolewa vibaya, Elias, unampigaje?"

Ng'ombe alimpiga teke la paja. Josephat aliguna, akainuka, akazunguka upande wa pili, akachuchumaa tena.